Kuanika na Kuanua

Kiswahili kina kitenzi cha kutandaza kitu juani, na kina kitenzi kingine kamili cha kukiondoa. Unaanika, kisha unaanua. Mtoto yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye uwanja alijifunza neno la pili kwa sauti ya mtu anayepiga kelele kutoka jikoni: "Anueni! Anueni, mvua hiyo!" Pemba wanaijua vizuri kelele hiyo msimu wa karafuu, majamvi yanapokunjwa mbiombio na watu wazima wanakimbia kama watoto. Kwa shangazi yangu, upande wa Kahama, ilikuwa michembe ya viazi vitamu. Tulianika asubuhi kabla ya shule, tukaanua jioni, na katikati mlinzi alikuwa yeyote asiyeweza kukimbia: bibi, mgonjwa, mtoto mchanga na yaya wake. Mbuzi walijua ratiba hiyo kuliko sisi.

Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu mashine ya kukaushia chakula, ile inayouzwa kwa picha za maembe yanayong'aa kama dhahabu, inakuuzia hasa jambo moja: hutaanua tena. Mvua inyeshe, usiku uingie, mbuzi apite, yenyewe inaendelea kuvuma juu ya meza. Mambo mengine yote inayofanya, binadamu alishayafanya bila umeme.

Yangu niliinunua mwezi wa Desemba. Uani kwetu Tabata kuna mwembe mmoja wa dodo ambao hauna adabu: miezi kumi hautoi kitu, halafu wiki tatu unatupa ndoo nzima kila asubuhi. Tulikula, tukagawa, tukasaga juisi mpaka watoto wakaanza kuikwepa. Nikaleta mashine. Nikakata embe vipande vinene kama kidole gumba, nikazungusha kitufe hadi mwisho, nyuzi 70, kwa hesabu kwamba moto mkali unakausha haraka. Baada ya saa sita vipande vilikuwa vikavu, vigumu, vya kupendeza. Nikavijaza kwenye chupa na kuipanga kabatini kwa majivuno. Wiki mbili baadaye chupa ilikuwa na manyoya ya kijivu.

Nilimpigia shangazi. Hajawahi kuiona mashine hiyo, lakini hakuuliza hata swali moja. "Mwanangu," akasema, "umelifungia mlango likiwa na maji ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Joto likiwa kali mno mwanzoni, sura ya nje ya kipande hukauka kabla ya maji ya ndani hayajapata nafasi ya kutoka. Ngozi hiyo ngumu inayaziba. Ukigusa unaona kikavu, kumbe katikati kuna unyevu wa kutosha kulisha ukungu. Maji yanatoka ndani ya tunda kwa mwendo wake, na kazi yako ni kuyasindikiza bila kuyasukuma.

Tuanze basi na hewa, kwa kuwa moto ni msaidizi tu. Chakula hukauka pale hewa inayokizunguka inapokubali kupokea maji yake. Hewa ni kama daladala: ina viti vyake, na ikijaa haipakii. Chukua hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, yaani katika kila viti kumi, vinane vina watu. Nguo ndani ya nyumba zinashinda mbichi, chumvi inaganda kwenye kichupa chake. Sasa ipashe hewa hiyohiyo hadi nyuzi 50, bila kuiongezea wala kuipunguzia tone la maji. Ile asilimia 80 inashuka hadi 27 hivi. Ifikishe nyuzi 60, inabaki kama 17. Abiria ni walewale. Kilichotokea ni kwamba gari limeongezwa viti. Ila gari lililojaa lazima liondoke ili jingine liingie kituoni, na hapo ndipo feni inapofanya kazi ya kondakta anayegonga bodi. Kipasha joto na feni, basi. Fungua mashine yoyote ya kukaushia, ya bei rahisi au ya bei mbaya, utakuta vitu hivyo viwili, kidhibiti joto, na trei zenye matundu.

Ukishaelewa hilo, unaelewa kwa nini swali la "ninunue au nisinunue" halina jibu moja kwa nchi nzima. Dodoma, kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua hainyeshi kabisa au karibu na kabisa, na upepo wake unaujua kama uliwahi kuzipoteza nguo kambani. Wagogo hukausha majani ya mlenda hapo, wakayatwanga yakawa unga, na mboga ya kiangazi ikawa imepatikana. Mtu wa Dodoma anayenunua mashine ili akaushe mlenda mwezi wa Agosti analipa TANESCO kwa kitu kinachopita bure dirishani. Mtu wa Tanga au Mombasa anayetaka kukausha embe mwezi wa Aprili yuko mahali pengine kabisa. Kwake jua linaonekana kali usoni, lakini hewa imejaa, na usiku tunda linarudisha sehemu ya maji liliyoyatoa mchana. Siku ya tatu linanuka pombe.

Ukiamua kununua, angalia feni iko wapi. Zile za mviringo, ambazo trei hupangwa moja juu ya nyingine kama hotipoti, mara nyingi feni yake iko chini. Trei za chini zinakauka mapema, za juu zinachelewa, na huna budi kuzibadilisha nafasi kila baada ya saa mbili tatu. Zile za umbo la kabati zina feni mgongoni na hewa inapita ubavuni mwa trei zote kwa pamoja. Ni ghali zaidi, lakini unaweza kulala. Kitu kimoja usikubali kukikosa: kidhibiti joto chenye namba. Mashine yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu ni hita yenye vyumba.

Mashine haili umeme kama watu wanavyoogopa. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa 12 mfululizo haiwezi kuzidi uniti 6, na kwa kweli inakula pungufu, kwa sababu kipasha joto hujizima kila joto linapofika mahali pake. Kwa wengi wetu mijini, tunaolipa takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni chini kidogo ya shilingi 2,100 kwa mzigo mmoja. Mzigo wenyewe ni huu: maembe mazima kilo 5, ukimenya na kutoa kokwa unabaki na nyama kilo 3 hivi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya embe ni maji, zaidi ya asilimia 80, mwisho wake unapata kama gramu 600. Embe la uani halikugharimu kitu, hesabu inakubali. Embe la kununua sokoni mwezi wa Machi, hesabu inakataa. Nyanya ni katili zaidi, kwani kilo moja inakuachia gramu 70 na trei zinazonata. Ninazikausha wakati ule tu ambapo tenga linauzwa kwa bei ya kuwatia wakulima uchungu.

Joto: matunda na mboga, nyuzi 57 hadi 60. Majani ya harufu kama mchaichai, mnanaa na rihani, nyuzi 35 zinatosha, kwani ukizidisha harufu yote inahamia sebuleni na unabaki na nyasi. Nyama ina kanuni zake, nitaifikia.

Nirudi kwenye embe, maana ndilo linalowafanya watu wengi wanunue mashine. Aina ni nusu ya matokeo. Embe sindano ni tamu lakini lina nyuzi, na likikauka utadhani unatafuna kamba ya katani iliyopakwa sukari. Dodo na boribo zina nyama laini na kokwa linaloachia kisu. Liwe limeiva lakini bado gumu kidogo. Lililolegea linayeyukia kwenye trei na kugandamana. Kata vipande visivyozidi unene wa penseli, na muhimu kuliko wembamba ni vilingane, kwa sababu kipande kinene kimoja kilichojificha katikati ya vyembamba ndicho kitakachoharibu chupa nzima. Vichovye dakika chache kwenye maji yenye juisi ya ndimu ili rangi isigeuke kahawia. Vipange bila kugusana. Hapo ndipo uchoyo unapomponza mtu: trei inaonekana ina nafasi, unasogeza, unasogeza, na umeifungia hewa njia. Trei iliyojazwa kupita kiasi inachukua siku nzima na zaidi kukauka, na vipande vya katikati vinachacha kabla ya hapo.

Kujua kama limekauka, toa kipande kimoja na ukiache kipoe. Tunda la moto daima ni laini na litakudanganya. Kikishapoa kikunje: kipinde bila kukatika, kisinate vidoleni. Kichane katikati na ukibinye pale kilipochanika. Ukiona vijishanga vya maji, bado. Mboga ni tofauti. Karoti au bamia iliyokauka inakatika kwa sauti.

Na umeme ukikatika? Saa moja au mbili hazidhuru, acha mlango umefungwa usubiri. Ukikatika jioni vipande vikiwa bado vibichi na usirudi hadi asubuhi, usibishane navyo. Washa jiko, tengeneza jemu.

Sasa njia za wasio na mashine, ambao ndio wengi, na ambao kwa vyakula fulani wanatupita mbali.

Michembe haikutengenezwa kwa ajili ya mashine. Usukumani na Unyamwezini viazi vitamu vinaiva vyote kwa pamoja, na kiazi kilichochimbwa hakikai. Basi kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi na kuanikwa juani mpaka vinalia kama vigae: hiyo ni michembe. Ukikichemsha kwanza kisha ukakikata na kukianika, unapata matobolwa, ambayo mtu anaweza kuyatafuna hivyohivyo na chai, matamu, yenye ukaidi wa kupendeza chini ya meno. Wateso wa Uganda wana jozi yao pia: amukeke ni ya vipande na inginyo ni ya kupondwa. Kilichowafikisha watu hawa wote hapo ni kiangazi kirefu baada ya mavuno ya ghafla. Gunia zima la viazi, kwa mashine yangu ya trei tano, lingenichukua wiki mbili. Shangazi analianika lote kwa asubuhi moja juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, na jabali linalipasha joto kwa chini wakati jua linalipasha kwa juu.

Jabali la shangazi ni safi kwa kuwa analifagia na kulimwagia maji. Ardhi tupu ni habari nyingine, na ushahidi uko kwenye sahani zetu. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoanikwa mchangani huja na mchanga wao, na hakuna kuosha kunakoumaliza wote. Kila mmoja anaijua ile sauti ya jino. Kichanja kinatatua hilo bila gharama ya kutisha: miti minne, wavu uliowambwa, kimo cha kiuno. Hewa inapita juu na chini, kuku hafiki, na samaki wanakauka mapema kwa sababu pande zote mbili zinapumua.

Kwa mboga za majani ningesisitiza kivuli. Jua la moja kwa moja linaharibu vitamini C, na pia ile rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Jani lililokaushwa juani linapauka, na kupauka huko ndiko upotevu wenyewe ukiuona kwa macho. Tumbukiza kwanza majani ya kunde kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, chuja, tandaza chini ya kibanda chenye upepo. Rangi inabaki ya kijani, na ladha haigeuki kabatini.

Kati ya jabali na mashine kuna kitu cha tatu, na kama ningekuwa na shilingi chache na kaka anayeshika randa ningeanza nacho: kaushio la jua. Wengine wanaliita kaushio la sola. Ni sanduku la mbao lenye urefu wa kama mita moja na upana wa nusu mita. Chini weka bati lililopakwa rangi nyeusi. Juu funika kwa nailoni angavu ile inayotumiwa kwenye vitalunyumba, au kioo cha dirisha kuukuu, na mfuniko huo uwe na mteremko ili mvua isisimame. Katikati, trei ya wavu. Mbele, karibu na chini, toboa safu ya matundu. Nyuma, karibu na juu, toboa safu nyingine. Jua linapita kwenye nailoni, bati linashika moto, hewa iliyopata joto inapanda na kutokea nyuma, na nyingine inavutwa kuingia mbele. Umepata kipasha joto na kondakta bila waya hata mmoja.

Makosa ya kaushio hili ninayajua kwa sababu niliyafanya yote. La kwanza, matundu madogo. Niliogopa joto litapotea, nikatoboa kwa msumari. Saa tano asubuhi nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani na maembe yalikuwa yanapikwa kwa mvuke wake yenyewe. Ukiona matone, panua matundu. Kisha ziba kwa wavu ili nzi wasiingie, na hapo nikafanya kosa la pili: nilichukua kipande cha chandarua kilichochanika. Vyandarua vingi tulivyogawiwa vina dawa ya kuua mbu iliyotiwa ndani ya uzi wenyewe, na dawa hiyo haina ruhusa ya kugusa chakula. Tumia wavu wa plastiki usio na dawa, shela, au ukindu uliosukwa wazi. Wavu wa chuma unaong'aa kwa zinki nao uwe mbali na trei, kwani embe, nanasi na nyanya vina asidi inayoulamba. Kosa la tatu lilikuwa sisimizi. Miguu ya sanduku iwekwe kwenye makopo yenye maji, kama kabati la mikate la bibi.

Weka kipimajoto ndani. Kikisoma kati ya nyuzi 45 na 60 mko sawa. Jioni, hata kama hakuna mvua, toa trei, zifunike, ziingize ndani. Umeona? Kuanua kumerudi.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Oveni inafanya kazi kwa shida: nyingi hazishuki chini ya nyuzi 90 au 100, kwa hiyo utaegesha mlango wake kwa kijiko cha mbao, ukaweka feni ya mezani mbele, ukatumia takriban muda maradufu wa mashine, na gesi yako itakulilia. Kwa mzigo mmoja wa dharura sawa, kwa mazoea hapana. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, isahau kabisa. Juu ya jiko la kuni, kwenye uchaga, moshi na joto hukausha pilipili na samaki vizuri, lakini embe lenye harufu ya moshi sijampata anayelila mara ya pili. Kisha kuna gari. Usicheke. Gari lililofungwa kwenye jua la mchana linapita nyuzi 50 kwa urahisi, na mchaichai uliotandazwa kwenye gazeti juu ya dashibodi, vioo vikiachwa wazi upana wa kidole, unakauka kwa siku moja au mbili. Gari langu lilikaa miezi mitatu bila gia likisubiri fundi, na huo ndio wakati pekee lililonipa faida.

Nyama nayo. Kukausha nyama kwa nyuzi 60 kama tunda ni hatari, kwa kuwa bakteria wengine wanaanza kuzoea ukavu kabla joto halijawaua. Unaoshauriwa ni utaratibu huu: ipike kwanza, kwa mvuke au kwenye oveni, mpaka ndani ya kipande ifike nyuzi 71, halafu ndiyo uikaushe. Iwe nyama isiyo na mafuta, maana mafuta hayakauki, yanachacha. Watu wa kaskazini mwa Kenya walishalifikia hilo kwa njia yao: nyirinyiri inakatwa vipande vidogo, inaanikwa, kisha inakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yenyewe. Moto umo, ukavu umo, na mafuta yanaizuia hewa isiingie.

Kwa muhogo nitasimama kidogo. Makopa, yaani muhogo mkavu, ni chakula cha heshima, lakini muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na jua peke yake haliimalizi, hasa vipande vikiwa vikubwa. Unatakiwa ulowekwe, au uvundikwe uchache, kabla ya kuanikwa. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa eneo la Kwango huko Kongo unaopooza miguu ya watu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Wenyeji waliuita konzo, na jina limebaki. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, ulipata watu zaidi ya 1,000. Tarime nako ulifika katika ukame wa miaka ya 1980. Na kuna kisa cha Bandundu, hukohuko Kongo, kinachonikera kila ninapokikumbuka: barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipokamilika, muhogo ukapata soko la haraka, na watu wakafupisha siku za kuloweka ili wawahi malori. Njaa na haraka hupunguza hatua zilezile ambazo mabibi waliziweka kwa sababu. Usikaushe muhogo usioujua kwenye mashine yako ukadhani namba kwenye kidhibiti inakulinda.

Mahindi nayo: Makueni na Kitui, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kuna kipimo cha nyumbani ninachokipenda kwa urahisi wake: tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu unazidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani.

Kilichobaki ni chupa, na hapa ndipo kosa langu la Desemba lingeweza kuokolewa. Vipande vilivyotoka kwenye mashine au kwenye kaushio havilingani unyevu hata ukijitahidi vipi. Vijaze kwenye chupa hadi theluthi mbili tu, ufunge, utikise mara moja kwa siku kwa wiki moja hadi siku kumi. Vikavu vinanyonya kutoka kwa vibichi hadi vyote viwe sawa. Ukiona jasho kwenye kioo siku yoyote, virudishe kwenye trei. Vilivyokaushwa nje huenda vina mayai ya wadudu usiyoyaona. Saa 48 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri zinayamaliza. Kisha giza, mfuniko unaobana, na karatasi yenye tarehe, kwa sababu Juni hutakumbuka kama ile chupa ni ya mwaka huu au ya mwaka jana.

Shangazi huniletea gunia dogo kwa basi kila Septemba: matobolwa, michembe, na nsansa, yaani majani ya kunde makavu. Nsansa inaoshwa haraka, inalowekwa maji ya moto, inachemshwa kwa maji yaleyale iliyolowekewa, kisha karanga za kusaga zinaingia mwishoni kwa moto mdogo. Watoto wangu, waliozaliwa Dar, wanakula bila kuuliza.

Mwaka jana nikaona ni zamu yangu. Nikampelekea chupa mbili za embe la uani, lililokatwa sawasawa, la nyuzi 57, lililotikiswa siku kumi, rangi yake kama machweo. Nikamwambia ni la kutafuna tu. Siku ya tatu akanipigia kushukuru. Alikuwa ameliloweka usiku kucha, akalichemsha pamoja na michembe, akatia karanga. Limeenda vizuri, akasema, ila lilihitaji chumvi.